Tangu Lini? Filamu ya It's a Wonderful Life na Suala la Krismasi

Mwaka jana, katika kazi ya darasani, niliandika kwamba It's a Wonderful Life ya Frank Capra ni filamu ya Krismasi tangu ilipotengenezwa. Mhadhiri aliipigia mstari sentensi hiyo, akaandika pembeni: "Tangu lini?" Niliudhika kidogo. Niliona jibu liko wazi: kuna theluji, kuna malaika, kuna mti wa Krismasi. Insha hii ni jaribio langu la kumjibu, na nakiri mapema kwamba jibu limenigeuka.

Nianze na filamu yenyewe. George Bailey, anayeigizwa na James Stewart, anaendesha chama kidogo cha kukopesha watu fedha za nyumba. Mkesha wa Krismasi, dola 8,000 za chama zinapotea, naye anakwenda darajani akitaka kujiua. Malaika Clarence anamwonyesha jinsi mji wao ungekuwa kama asingezaliwa. Kisa kinaanzia na kuishia usiku huo, lakini sehemu kubwa inahusu miaka iliyotangulia: utoto wa George, siku watu walipokimbilia kutoa fedha zao, kisha vita. Tajiri Potter anazikuta fedha zile, anakaa kimya, na hadi mwisho haadhibiwi. Mwenzangu wa chumba hosteli, tulipoitazama pamoja, alisema kwa kifupi: "Hii ni filamu ya benki."

Kumbe hakuwa wa kwanza kuiona hivyo. Mwaka 1947 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliiweka filamu hii katika taarifa zake kuhusu ukomunisti Hollywood, ikitaja namna inavyomchora mwenye benki. Filamu ilionyeshwa kwanza New York tarehe 20 Desemba 1946, mapema kuliko ilivyopangwa, ili iwahi kushindania tuzo za Oscar za mwaka huo. Sehemu nyingine za nchi ziliipata Januari 1947, sikukuu zikiwa zimekwisha. Haikurudisha gharama zake. Capra mwenyewe alikuja kusema kwamba alipokutana na wazo hilo hakulifikiria kama hadithi ya Krismasi.

Kuna hoja ya kupinga, nayo ni nzito. Kisa hiki kilitokana na hadithi fupi ya Philip Van Doren Stern, ambayo mwaka 1943 aliichapisha mwenyewe nakala 200 na kuwatumia marafiki kama kadi ya Krismasi. Je, huo si ushahidi wa kutosha? Naona unathibitisha chimbuko la hadithi, hauthibitishi matumizi ya filamu. Isitoshe, Miracle on 34th Street, yenye Baba Krismasi mwenyewe, ilitolewa katikati ya mwaka 1947. Kwa hiyo kampuni za wakati ule hazikuona lazima kuoanisha filamu na msimu.

Mabadiliko yalikuja kupitia sheria. Haki miliki ya Marekani ilidumu miaka 28, kisha ilibidi ihuishwe. Mwaka 1974 hakuna aliyeihuisha ya filamu hii. Vituo vya televisheni vikaweza kuionyesha bila kulipia, navyo vikairudia kila Desemba. Watoto wakakua nayo, familia zikaizoea. Mwaka 1993 kampuni ya Republic Pictures ilianza kudai haki zake, ikitegemea haki za hadithi na za muziki, na mwaka uliofuata NBC ikapata kibali cha peke yake. Lakini mazoea yalikuwa yamekwisha kujengeka.

Basi, ni filamu ya Krismasi? Ndiyo, ila tangu miaka ya 1970, na waliofanya kazi hiyo ni vituo vilivyotafuta vipindi vya bure pamoja na watazamaji walioipenda. Kosa langu lilikuwa kuchukua desturi ya leo na kuipeleka mwaka 1946, kana kwamba watu wa wakati ule walitazama kwa macho yetu. Kwa kufanya hivyo nilifuta walichokiona wao: hofu ya deni, mwenye fedha asiyeguswa na sheria, na mtu mwema aliyefika darajani. Sentensi yangu ya mwaka jana nimeifuta. Swali la pembeni nimelihifadhi, maana linafaa kuulizwa kwa kila kitu tunachodai kimekuwapo siku zote.