Mizani Kabla ya Kipimo: Juu ya Mwanazuoni Mtendaji na Tathmini ya Mipango

Tathmini ya mpango wa umma, uwe wa elimu, wa afya au wa kilimo, aghalabu huharibika kabla mpimaji hajashika kalamu, kwa kuwa hakuna aliyejishughulisha kuuliza ni kitu gani hasa kitakachohesabiwa kuwa mafanikio, na ni nani atakayelitumia jibu. Kazi hiyo ya kuweka mizani ndiyo, kwa maoni yangu, amana kubwa ya mwanazuoni mtendaji, yaani yule ambaye asubuhi yu pamoja na wenye mpango darasani au shambani, na usiku yu mezani na vitabu vyake. Kwani mtu wa vitabu peke yake hupima lililo jepesi kupimika, na mtendaji peke yake hupima lile limsifulo.

Mfano ulio bayana ni kampeni ya kufuta ujinga nchini Tanzania. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67. Baada ya mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ilitangazwa kwamba wamebaki asilimia 39. Tarakimu hizo zilienea kwa fahari, wala si fahari ya bure. Lakini aliyetaka kuzielewa kwa insafu ilimpasa aulize kwanza: kujua kusoma ni kujua nini? Swali hilo waandalizi hawakulikwepa, bali waliweka hatua nne, ya chini ikiwa ni ya yule aliyejiandikisha na kuhudhuria masomo, na ya juu kabisa ni ya yule awezaye kuutumia ujuzi wake maishani, akasoma gazeti na kuweka hisabu zake. Katika mikoa ya Ziwa, ambako tangu mwaka 1968 UNESCO ilisaidia mradi wa kisomo chenye manufaa, vitabu vya wanafunzi vilihusu kazi zao wenyewe, pamba ikiwamo. Basi mtazame mkulima wa pamba aliyesimama mbele ya mizani ya ushirika, stakabadhi mkononi: wa hatua ya chini huikunja akaitia mfukoni, na wa hatua ya nne huisoma, akalinganisha kilo zilizoandikwa na zile alizoziona kwa macho yake, akadai haki yake papo hapo. Wote wawili wamo katika daftari la mahudhurio, lakini mpango umemfikia mmoja tu.

Uangalifu wa namna hiyo ulionekana tena katika jaribio la KiuFunza, lililoendeshwa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014 katika shule za msingi 350 za Tanzania. Kwa kura, baadhi ya shule zilipata ruzuku, baadhi bakshishi ya walimu kwa kila mtoto afaulupo, baadhi zote mbili, na nyingine hazikupata kitu, ili ziwe za kulinganishia. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto, ilhali ruzuku na bakshishi zilipokwenda pamoja alama zilipanda. Lau mpimaji angeishia kuhesabu shilingi zilizofika na vitabu vilivyonunuliwa, angeipongeza ruzuku na kuondoka.

Huenda mtu akasema kwamba aliye karibu na mpango hawezi kuuhukumu. Hoja hiyo ina uzito, maana jicho la mzazi halioni kengeza la mwanawe. Lakini dawa yake si kumfukuza mtendaji, bali ni kuifunga mizani mapema, swali na kipimo vikiandikwa kabla matokeo hayajajulikana. Miongoni mwa waliotangaza matokeo ya KiuFunza mwaka 2019, pamoja na wanauchumi wa vyuo vikuu, alikuwamo Rakesh Rajani, mwasisi wa Twaweza yenyewe. Naye hakuweza kuipendelea shule yoyote, kwani kura haimjui mwenye mradi.

Limebaki sharti moja, ambalo husahauliwa mara ripoti ipigwapo chapa na kupelekwa kwa mfadhili. Mkulima yule alijifunza kusoma stakabadhi ili asipunjwe. Basi ni haki yake vilevile kusomewa, kwa lugha aijuayo, mizani aliyopimiwa yeye mwenyewe, na kusema kama ni ya kweli.