Madibira: Imani Isiyoondoka na Wageni



Jubilei ni siku ya kushukuru, nayo shukrani ya kweli hutaka kumbukumbu. Tukihesabu makanisa, shule na nyumba za wagonjwa tu, tutakuwa tumehesabu mawe. Yafaa tuzikumbuke pia saa zile mambo yalipogeuka kwa ghafula, mtu asijue kesho italeta nini, naye akapaswa kuchagua: kumtumaini Mungu au kurudi nyuma. Madibira imeziona saa hizo mara nyingi. Hapa tutaitazama hasa moja, ndiyo miaka ya Vita Kuu ya kwanza, kundi lilipobaki pasipo mchungaji.

Madibira iko ukingoni mwa mbuga za Usangu, karibu na mto Ndembera, chini ya nchi ya juu ya Uhehe. Mahali hapa palikuwa mpakani mwa mataifa mawili, napo palijua vita kabla ya kuijua Injili. Merere na Wasangu wake walikuwa wamesukumwa na Wahehe hata wakakimbilia Usafwa. Kisha wakaja Wajerumani. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwashinda huko Lugalo. Wajerumani wakarudi, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa. Mkwawa mwenyewe hakukubali kushikwa. Aliendelea kupigana porini mpaka tarehe 19 Julai 1898, alipojiua.

Katika siku hizo za hofu, mwaka wa 1897, Wabenediktini wa St. Ottilien walianza misioni ya Madibira. Nao pia walikuwa wamejaribiwa. Walifika pwani mwaka wa 1888, wakajenga Pugu; mwezi wa Januari 1889, wakati wa vita vya Bushiri, misioni ile ikaharibiwa, na mabruda wawili na sista mmoja wakauawa. Walakini shirika lao halikuiacha kazi.

Tusifiche neno hili: padre na askari walifika katika miaka ile ile, nao walisema lugha moja. Mtu wa Usangu au wa Uhehe hakukosea alipouliza kama dini hii ni ya Mungu au ni ya serikali ya Wajerumani. Kwa hiyo aliyekubali kubatizwa alifanya jambo zito. Aliyabadili maisha yake katika ndoa, matambiko na mazishi, tena mbele ya ndugu waliomwona kama mtu aliyewakimbilia wageni. Lilikuwa tumaini lililotolewa kabla ya ushahidi, kama Ibrahimu alivyotoka katika nchi yake bila kuijua ile aendayo.

Mwaka wa 1905 likaja jaribu jingine. Vita vya Maji Maji vilipowaka kusini, Askofu Cassian Spiss, mkuu wa Vikarieti ya Dar es Salaam, ambayo Madibira ilikuwa sehemu yake, aliuawa safarini upande wa Liwale tarehe 14 Agosti, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwaka uliofuata akaja Askofu Thomas Spreiter kushika mahali pake. Mchungaji alikuwa ameanguka, lakini wapo wengine waliokuja. Waamini wangaliweza kusema: padre akifa, Ulaya itatuma padre mwingine.

Jaribu la mwaka wa 1916 halikuwa hivyo. Mwezi wa Agosti majeshi ya Waingereza yaliingia Iringa. Wamisionari Wajerumani, kwa kuwa walihesabiwa adui, waliondolewa katika misioni zao na kuwekwa kizuizini, na mwishowe wakarudishwa kwao. Askofu Spreiter naye hakurudi. Mwaka wa 1921 alipewa kazi ya Zululand. Safari hii hapakuwa na mtu wa kuja mara moja. Vijiji vilikwisha kutolewa vyakula na wapagazi kwa ajili ya majeshi, na mwaka wa 1918 homa kali ya mafua ikapita duniani kote, ikaua watu wengi katika Afrika ya Mashariki.

Basi hapo lile swali la kwanza lilipata jibu lake. Kama dini ingalikuwa ya Wajerumani, ingaliondoka na Wajerumani. Lakini katika misioni nyingi zilizoachwa, walimu wa dini Waafrika walibaki na watu wao, wakaishika kazi. Pasipo padre hapakuwa na Misa wala kitubio wala mpako kwa wagonjwa. Lakini Kanisa halikuwaacha mikono mitupu. Kila Mkristu aweza kumbatiza mtu aliye katika hatari ya kufa. Hata ndoa haikuzuiwa: sheria ya Kanisa iliyoanza kushikwa tarehe 19 Mei 1918 iliruhusu bwana na bibi kuoana mbele ya mashahidi wawili, ikiwa padre hawezi kupatikana kwa muda wa mwezi mmoja. Tena zilibaki sala za Dominika, rozari, katekisimu na maziko ya Kikristu. Ni mambo madogo, lakini kwayo imani iliishi.

Wala halikuwa jambo geni katika Afrika yetu. Mwezi wa Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakarudi mwaka wa 1885. Waliporudi walikuta wanafunzi wao wamewafundisha wengine. Katika kundi hilo walitoka baadhi ya Mashahidi wa Uganda, na wengi wao waliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Wahenga wanasema: baada ya dhiki, faraja. Mwaka wa 1919 waliingia Iringa wamisionari wa Konsolata, yaani wa Mama Mfariji, waliokuwa wakifanya kazi Kenya tangu mwaka wa 1902. Shirika lao lilianzishwa Torino mwaka wa 1901 na Padre Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Hao walikuwa Waitaliano, watu wa lugha nyingine na desturi nyingine. Lakini Misa ilikuwa ile ile, na Ubatizo ule ule. Tarehe 3 Machi 1922 Iringa ikawa prefektura, chini ya Monsinyori Francesco Cagliero. Mwaka wa 1948 ikawa vikarieti, na mwaka wa 1953 jimbo. Mwaka wa 1969 Mario Mgulunde, mwana wa Afrika, aliteuliwa kuwa askofu wake. Na mwaka wa 2023 jimbo jipya la Mafinga lilizaliwa kutoka Iringa.

Ndugu, aliyesoma sala mbele ya watu wachache mwaka wa 1917 hakuona hata moja ya tarehe hizo. Sisi twazisoma kama ngazi iliyopangwa vizuri. Yeye aliona mlango wa padre umefungwa. Hakuahidiwa mshahara wala mgeni wa kumsaidia. Kumtumaini Mungu kwake hakukuwa kujua mwisho wa mambo, bali kufanya kazi ya siku ile kwa uaminifu, na kumwachia Mungu kesho.

Nasi tuna saa zetu za kugeuka mambo: kifo cha mzazi, ugonjwa, mavuno yaliyopotea, mtoto aliyekwenda mbali, parokia iliyo na padre mmoja na vigango vingi. Walimu, wafundisheni watoto majina ya maaskofu, maana ni haki yao kuyajua. Lakini wafundisheni pia kwamba kulikuwa na miaka ambayo hapakuwa na askofu wala padre karibu, na Kanisa halikufa, kwa kuwa walikuwapo watu waliosali.

Mungu aliyewashika wazee wetu atushike na sisi. Naye atukuzwe daima.