Bega la Babu

Babu yangu mzaa mama alikuwa na bega moja lililoshuka. Sisi wajukuu, tuliokulia Keko, tulidhani kazaliwa nalo. Siku nilipomuuliza alinijibu neno moja: "Magunia."

Alikuwa kuli bandarini. Leo ukipita Kurasini ukaona kreni zikinyanyua makontena, ni rahisi kudhani magati yale yapo tangu Sultani Majid aanze kujenga mji wake jirani na Mzizima, miaka ya 1860. Hayakuwepo. Meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji, mizigo ikashushwa kwenye matishali, matishali yakavutwa hadi ukingoni, na hapo mabega ya watu yakaanza kazi. Magati ya kina kirefu, ambayo meli hufunga ubavuni, yalifunguliwa mwaka 1956.

Kabla ya hapo Wabelgiji walikuwa na kipande chao cha bandari, Belbase, kwa ajili ya mizigo ya Kongo, Ruanda na Urundi. Waliafikiana na Waingereza mwaka 1921, kodi faranga moja kwa mwaka. Moja! Chumba cha Keko hukipati kwa bei hiyo.

Kwa babu, uzito wa gunia haukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa geti. Vibarua walisimama pale asubuhi, anayechaguliwa anaingia, asiyechaguliwa anarudi nyumbani mikono mitupu. Makuli waligoma mwaka 1939, wakagoma 1943, na Septemba 1947 mgomo wao ukatoka bandarini ukafuata reli hadi bara. Wakaunda chama. Februari 1950 wakagoma tena, zikazuka vurugu, chama kikavunjwa. Babu aliingia kazini baada ya hapo, akawakuta wakubwa zake wakiutaja mwaka huo kwa sauti ya chini. Mimi shuleni nilikaririshwa TANU na 1954. Makuli sikuwasikia hata siku moja.

Mjomba wangu wa mwisho naye huamka saa kumi alfajiri, anakwenda kwenye bandari kavu moja kusubiri jina lake lisomwe. Kuna siku saa tatu asubuhi ameshageuka, kapoteza nauli tu. Babu, enzi za uhai wake, alimwona akiingia uani namna hiyo. Hakuuliza kitu. Alisogea kwenye mkeka, akampisha akae.