Kamati za Ushauri wa Rasilimali (Marekani)

Kamati za Ushauri wa Rasilimali ni vyombo vya wananchi vinavyopendekeza miradi ya kuboresha misitu ya taifa nchini Marekani na matumizi ya fedha zake. Ziliundwa kwa sheria ya mwaka 2000 ya kusaidia shule na kaunti za vijijini, iliyosainiwa na Rais Bill Clinton.

Chimbuko. Tangu 1908, kaunti zenye misitu ya taifa zilipata asilimia 25 ya mapato yake kwa ajili ya shule na barabara. Uvunaji wa mbao uliposhuka katika miaka ya 1990, mapato hayo yaliporomoka. Sheria mpya ilileta malipo ya serikali kuu na kutenga sehemu yake kwa miradi ya misituni.

Muundo. Sheria iliweka wajumbe 15 kwa kila kamati, wasiolipwa mshahara, katika makundi matatu yenye uwiano: watumiaji wa rasilimali, wakiwemo wavunaji mbao na wafugaji, watetezi wa mazingira na urithi, na viongozi wa maeneo, walimu na makabila ya wenyeji. Mradi hupita tu ukiungwa mkono na walio wengi katika kila kundi. Hapo ndipo penye nguvu ya kamati: mvuna mbao na mhifadhi hawana budi kusikilizana.

Miradi. Hujumuisha kung'oa magugu vamizi, kukarabati barabara za msituni, na kubadilisha makalavati membamba ili samoni wapande mto kutaga mayai.