Tasnifu Irudi kwa Wenyewe: Utafiti wa Jamii Asilia katika Vyuo vya Thika na Ruiru

Anayetaka kusomea uzamili katika ukanda wa Thika na Ruiru hahangaiki kutafuta chuo. Thika pana Mount Kenya na Gretsa, Juja pana Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Ruiru pana Zetech, na Kenyatta kiko Kahawa, mwendo mfupi tu. Kuhusu kazi zinazoandikwa humo, makala haya yanadai kwamba tasnifu kuhusu mila, tiba au ardhi ya jamii asilia haikamiliki watahini wanapoipitisha. Hukamilika jamii iliyohojiwa inapoipokea, inapoielewa na inapopata nafasi ya kuijibu.

Kaunti ya Kiambu, iliko miji hii, ina mifano miwili ya kutafakari. Jomo Kenyatta, mzaliwa wa Gatundu, jirani na Thika, alisoma anthropolojia London chini ya Bronisław Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha Facing Mount Kenya. Mcheza kwao hutuzwa: kitabu hicho kilidhihirisha kwamba Mgĩkũyũ anaweza kuieleza jamii yake mwenyewe na kuitetea ardhi yake. Hata hivyo, sauti inayotawala humo ni ya mtu mmoja. Mwanaakiolojia Louis Leakey naye, mzaliwa wa Kabete, aliwatafiti Agĩkũyũ kwa kina mwishoni mwa miaka ya 1930 akisaidiwa na wazee. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1977, juzuu 3 za Kiingereza, miaka 5 baada ya kifo chake. Kwa karibu miaka 40 maarifa ya wazee yalikaa katika mswada ambao jamii haikuwa na njia ya kuusahihisha. Basi kuzaliwa ndani ya jamii hakutoshi, na bidii peke yake haitoshi. Kinachohitajika ni utaratibu unaombana kila mtafiti.

Uzito wa maelezo yanayoandikwa kuhusu jamii ulionekana Arusha. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwatambua Waogiek kuwa jamii asilia na kuamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao ilipowafurusha kutoka Msitu wa Mau. Kesi hiyo ilihitaji ushahidi wa namna Waogiek wanavyouishi msitu: chakula chao, ibada zao, maisha yao ya kila siku. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama iliagiza walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara mengine waliyopata. Maelezo ya utamaduni, kumbe, yanaweza kuwa hoja ya ardhi. Mtafiti akikosea kuandika ni ukoo gani hurina asali katika bonde gani, kosa lake linaweza kutumiwa siku moja dhidi ya wenye bonde.

Sheria ipo. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya 2016 inadai ridhaa ya jamii kabla maarifa yake hayajatumiwa. Tatizo liko nyanjani. Mwanafunzi ameshatetea pendekezo lake, amepita kamati ya maadili na kupata kibali cha utafiti cha NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Anamfikia mzee na fomu ya ridhaa ya Kiingereza, anamfafanulia kwa haraka, kidole gumba kinabonyezwa kwenye wino, kinasa sauti kinawashwa. Mzee haulizwi ni mmea gani usitajwe jina, wala ni wimbo gani hauimbwi mbele ya mtu asiyepitia jando. Sharti la kibali linataka nakala ya ripoti ifike kwa Tume. Chuo nacho huihifadhi tasnifu mtandaoni, ambako hata mtengenezaji wa dawa wa mbali anaweza kuisoma. Kwa mzee haifiki.

Wapo watakaosema kwamba kuipa jamii nafasi ya kuijibu tasnifu ni kuubana uhuru wa kitaaluma. Hofu hiyo ina msingi: jamii haina kauli moja, na wazee wanaume wanaweza kuwanyamazisha wanawake na vijana. Lakini jibu la jamii si kura ya turufu. Mtafiti abaki na tafsiri yake, na wanaopinga, wakiwemo wanawake na vijana, wachapishiwe pingamizi lao katika kiambatisho. Kinachopaswa kuwa chini ya mamlaka ya jamii ni maarifa ya siri na ya ibada pekee.

Bodi za masomo ya uzamili katika ukanda huu ziweke masharti matatu kabla ya mahafali: ridhaa itolewe kwa lugha ya anayehojiwa, matokeo yasomwe mbele ya baraza la jamii kabla ya utetezi, na muhtasari pamoja na kanda zikabidhiwe kwa jamii yenyewe. Hakuna hata moja linalosubiri sheria mpya. Msimamizi anayesoma makala haya aanze na mwanafunzi aliye naye sasa.