Street Fighter III na Sanaa ya Kupangua

Street Fighter III, mchezo wa video wa mapigano, iliingia katika kumbi za mashine za sarafu mwanzoni mwa mwaka 1997, ikibeba jina zito. Kampuni ya Capcom ya Osaka, Japani, ilianza mfululizo huo mwaka 1987, lakini sehemu ya pili, ya mwaka 1991, ndiyo iliyoupa sifa duniani. Kwa miaka iliyofuata sehemu hiyo ilitolewa upya mara kadhaa, ikiongezewa wapiganaji na kasi, huku wachezaji wakiingojea ya tatu.

Ilipokuja, ilikuja na wageni. Katika toleo la kwanza, New Generation, wapiganaji wa zamani waliobaki ni Ryu na Ken tu. Nafasi ya mbele alipewa Alex, mpiga mieleka wa New York. Pamoja naye alikuja Elena, binti wa Kenya mrefu mwenye nywele nyeupe, ambaye mashambulizi yake yote, hata ya kumtupa adui, ni ya miguu. Kenya ilipata mpiganaji wa kukumbukwa, ingawa mtindo anaoutumia ni capoeira, uliokuzwa Brazili na Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Michoro ya mchezo huu ilikuwa ya mkono, picha moja baada ya nyingine, na ulaini wa mwendo wake bado unavutia.

Uzuri huo haukuuza mashine. Michezo ya pande tatu (3D) kama Tekken 3 ilikuwa ikiwavuta vijana, kumbi za Marekani zilikuwa zikipungua, na wengi waliwakosa wapiganaji waliowazoea. Mtambo wenyewe, CPS-3, ulikuwa na udhaifu: ufunguo wa kusoma programu ulihifadhiwa kwa nguvu ya betri, na betri ikifa, mchezo nao ulikufa. Toleo la pili, 2nd Impact, lilifuata mwaka huohuo wa 1997. La tatu, 3rd Strike, lilitoka mwaka 1999, na humo Chun-Li akarudi.

Kilichouokoa mchezo huu usisahaulike ni kupangua. Tangu zamani, mchezaji alijikinga kwa kuvuta kijiti nyuma, na hata hivyo mapigo maalumu yaliendelea kummega uhai kidogo kidogo. Street Fighter III ilimruhusu kusukuma kijiti mbele, au chini kwa pigo la miguuni, wakati uleule pigo linapofika. Akipatia, hapotezi chochote na anapata mwanya wa kujibu. Akikosea, anapigwa wazi, kwa kuwa ameshaiacha kinga. Muda wa kupatia ni sehemu ndogo ya sekunde. Hivyo anayekaribia kushindwa hakuwa tena mtu wa kurudi nyuma akisubiri mwisho, na hakuna badiliko jingine katika mfululizo huu lililogusa moyo wa pambano kwa kina hicho.

Mwaka 2004, katika mashindano ya michezo ya mapigano ya Evo huko California, akicheza 3rd Strike, Daigo Umehara wa Japani alikuwa na Ken aliyebakiwa na uhai kiduchu. Justin Wong wa Marekani, akiwa na Chun-Li, alifyatua shambulizi kuu la mateke mfululizo. Kukinga teke moja tu kungetosha kummaliza Ken. Umehara aliyapangua moja baada ya jingine, ukumbi ukilipuka kwa kelele, kisha akajibu na kushinda pambano hilo. Taji la mashindano hakulipata, lakini video ya tukio hilo ilisambaa duniani na kuwaleta wachezaji wapya kwenye mchezo uliokuwa umeshatimiza miaka mitano.

Street Fighter IV ya mwaka 2008 haikuendeleza kupangua. Iliwarudisha wapiganaji wa sehemu ya pili na kutumia mbinu nyingine. Mwaka 2011 3rd Strike ilitolewa upya kwa ajili ya kuchezwa kupitia intaneti. Katika Street Fighter 6, ya mwaka 2023, kupangua kulirejea kwa umbo jipya, safari hii kwa kubonyeza vitufe, na mwaka 2025 Elena naye akaongezwa humo.