Kuuzwa Gilgil: jinsi kazi zinavyohama ndani ya chipu

Aliyewahi kupanda matatu kutoka Nairobi kuja Nakuru anajua maana ya kuuzwa. Wengi wanashukia Naivasha, mnabaki wanne, na mkifika Gilgil makanga anawahamishia gari jingine. Hesabu yake ni sawa. Lakini wewe umepoteza kiti cha dirishani, mizigo inapakiwa upya, na muda unakwenda.

Kazi ikihamishwa kutoka prosesa moja hadi nyingine, yanaipata hayo hayo. Kiti chake ni kache, ile kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo karibu na prosesa, ambamo imeshapanga data yake. Ikihama, huko iendako inaanza kuisubiri data upya.

Linux ilianza kutumia prosesa zaidi ya moja katika toleo la 2.0, mwaka 1996. Hadi 2.4 (2001) kazi zote zilipanga foleni moja. Kazi iliyotoka kwenye prosesa ile ile ilipendelewa kidogo, lakini foleni moja ina kufuli moja, na prosesa zikizidi zinaligombania. Januari 2002 Ingo Molnár alitoa mpangaji mpya ambao kila prosesa ina foleni yake. Uliingia katika 2.6, Desemba 2003. Sasa prosesa iliyokosa kazi ilibidi imwendee jirani aliyelemewa na kumvutia mzigo.

Mwaka 2005 Intel na AMD walileta kori mbili kwenye kompyuta za mezani, na shida ya maseva ikawa ya kila mtu.

Ungedhani mambo yalikwisha. Mwaka 2016 Jean-Pierre Lozi na wenzake walichunguza mashine ya kori 64, wakakuta makosa manne kwenye mpangaji wa Linux: kori zimekaa bure huku kazi zinasubiri kwingine! Mashine haikuanguka wala haikulalamika, ilikuwa polepole tu. Mimi makosa ya aina hii ndiyo yanayoninyima usingizi.

Kwenye simu hesabu ikabadilika. Mwaka 2011 ARM ilitangaza big.LITTLE, kori kubwa zenye nguvu pamoja na ndogo zisizokula betri. Exynos 5 Octa ya Samsung (2013) ilijiita ya nane, kumbe zilifanya kazi ama nne kubwa ama nne ndogo, si zote pamoja. Jina zuri la kuuzia! Baadaye zote zikaruhusiwa, na tangu Linux 5.0 (Machi 2019) mpangaji anaweza kukadiria umeme utakaotumika kabla ya kuchagua kori.

Redmi Note 9 ya mwaka 2020 ina kori mbili kubwa na sita ndogo. Programu inayoiamsha kila sekunde bila sababu inamharibia mpangaji hesabu zote, na mwenye simu kule Kuresoi, stima ikipotea, ndiye anayebaki na betri tupu.